Msumeno wa kuni ukichakaa: Mambo ya kupima kabla ya kununua mwingine

MSUMENO wa mnyororo, au msumeno wa moto kama unavyoitwa na wengi, ndiyo zana ya gharama kubwa kuliko zote alizonazo mkata kuni. Unapozimika na kukataa kuwaka, mwenye nao hukimbilia dukani kutafuta mwingine, mara nyingi ulio mkubwa zaidi, akiamini kuwa ukubwa ndio uimara.

Imani hiyo huweza kumtia hasara. Kwa mkazi wa Mutuka, mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati mkoani Manyara, anayekata mikaratusi na migrevilea ya shambani kwake, uchaguzi wa busara hutegemea mambo manne: kilichouharibu msumeno wa zamani, aina ya miti inayokatwa, upatikanaji wa vipuri, na uhalali wa kuni zenyewe.

Kilichouharibu wa zamani

Misumeno mingi ya petroli ina injini ya mipigo miwili. Injini hiyo haina hifadhi yake ya oili. Hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli ndani ya tangi. Oili ikipungua au ikiwa duni, pistoni na silinda hukwaruzana hadi injini inakwama.

Fundi akiondoa ekzosi anaweza kuiona pistoni kupitia tundu la kutolea moshi. Ikiwa na michirizi mirefu upande huo, mara nyingi mchanganyiko wa mafuta ndio wa kulaumiwa. Mwenye msumeno wa namna hiyo akinunua mpya bila kubadili tabia, huo nao hautadumu.

Kwa misumeno mingi ya kisasa, na kwa kutumia oili bora ya injini za mipigo miwili, kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Baadhi ya misumeno, hususan ya zamani, huhitaji sehemu 25 kwa moja, yaani mililita 200 kwa lita 5. Kitabu cha mtengenezaji ndicho mwamuzi.

Aidha, si kila msumeno dhaifu umekufa. Plagi iliyochoka, chujio la hewa lililoziba vumbi, kamba ya kuwashia iliyokatika au kabureta chafu ni matengenezo madogo yakilinganishwa na bei ya msumeno mpya.

Kipo pia kipimo kisichogharimu hata shilingi moja. Mnyororo mkali hutoa vipande vidogo vya mti. Uliobutuka hutoa unga laini na kumlazimisha mtumiaji kuukandamiza. Akiuona unga huo, kwanza anapaswa kutafuta tupa ya kunolea, si duka.

Ukubwa unaofaa

Ikibainika kuwa msumeno umefikia mwisho, swali linalofuata ni unene wa miti. Kwa matawi na mashina yasiyozidi sentimita 25, injini ya cc 30 hadi 40 yenye bamba la sentimita 35 inatosha. Bamba ni kile chuma kirefu ambacho mnyororo huzunguka juu yake.

Anayekata mashina ya sentimita 30 hadi 40 mara kwa mara atahitaji injini ya cc 45 hadi 60, na bamba la sentimita 40 hadi 45. Misumeno ya cc 70 na kuendelea ni ya magogo makubwa. Ni mizito, hunywa mafuta mengi na huchosha mikono, na uchovu ni chanzo kikubwa cha ajali.

Ugumu wa mti nao una uzito wake. Mgunga mkavu hubutua mnyororo haraka kuliko mgrevilea mbichi. Hata hivyo, adui mkubwa zaidi ni udongo na mchanga ulioganda kwenye gogo lililoburutwa chini. Gogo lisafishwe na kuinuliwa kabla ya kukatwa.

Wakazi wa Babati wana jambo jingine la kuzingatia. Mji huo uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Injini ya kawaida hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, na kabureta iliyorekebishwa kwa matumizi ya pwani hupeleka petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Kabureta irekebishwe na fundi mahali msumeno utakapotumika.

Misumeno ya betri inafaa kwa kupogoa matawi karibu na nyumba yenye umeme. Kwa kazi ya kutwa nzima mbali na umeme, petroli bado ina nafasi yake.

Vipuri na bidhaa bandia

Msumeno usio na vipuri karibu ni mzigo. Kabla ya kulipa, mnunuzi amuulize fundi wa mjini ni aina zipi anazozitengeneza, na ahakikishe mnyororo, bamba, plagi na chujio vyake vinapatikana bila kuagizwa kutoka mbali.

Mnyororo hutambuliwa kwa vipimo vitatu: nafasi kati ya viungo, unene wa sehemu inayoingia katika mfereji wa bamba, na idadi ya viungo vinavyouendesha. Kimoja kikitofautiana, mnyororo hautafaa.

Majina makubwa, kama Stihl ya Ujerumani na Husqvarna ya Sweden, huigizwa sana. Bei iliyo chini mno kuliko ya wakala, namba ya utambulisho isiyosomeka na kukosekana kwa kitabu cha maelekezo ni dalili za kutiliwa shaka.

Kwa uliotumika, mnunuzi avute kamba kabla injini haijapata moto: ikivutika kwa wepesi bila upinzani, mgandamizo umekwisha. Aangalie pia kama breki ya mnyororo inashika.

Breki hiyo si pambo. Ncha ya juu ya bamba ikigusa mti, msumeno huweza kuruka ghafla kumrudia mtumiaji, na breki ndiyo husimamisha mnyororo. Fedha za kofia ngumu, miwani, vizuia sauti, buti na suruali maalumu zihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya msumeno.

Uhalali na soko

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inasimamia uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu, zikiwamo kuni. Ni vema mnunuzi apite kwanza kwa ofisa misitu wa halmashauri au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kuuliza masharti ya kumiliki msumeno, kuvuna na kusafirisha.

Wilaya ya Babati ina historia ya pekee katika suala hilo. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vinane vilianza kusimamia vyenyewe msitu wa Duru-Haitemba, baada ya wananchi kupinga mpango wa kuufanya hifadhi ya Serikali. Katika msitu wa namna hiyo kijiji ndicho mlinzi, na anayeingia na msumeno bila kibali hukabiliana na wenye msitu.

Soko nalo linabadilika. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa, ukomo ukiwa Januari 2024. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Hivyo basi, anayefikiria kukopa ili anunue msumeno mkubwa kwa kutegemea zabuni za kuni za shule ajiulize zabuni hizo zitadumu hadi lini. Na kwa kaya inayokata miti yake siku chache kwa mwaka, huenda jibu sahihi lisiwe kununua kabisa, bali kumlipa kwa siku mwenye msumeno na ujuzi, na fedha inayobaki ikaingia katika jiko linalotumia kuni chache.