Malabar: Pwani Kilikotoka Kitabu Chetu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad. Viongozi wa Jumuiya yetu wameniomba niandike maneno machache ya tarikhi katika kitabu hiki cha ukumbusho wa msikiti wetu. Nimechagua kuandika habari za mji mmoja wa bandari wa Bara Hindi niliojaaliwa kuuzuru mwezi wa Machi. Atakayeuliza, "Hindi ina nini na sisi watu wa Buyenzi?" namwomba asome mpaka mwisho.

Nilipokuwa kijana nilisoma fiq'hi kwa mwalimu wangu katika kitabu kiitwacho Fat-hul Muin. Wengi katika wazee wetu wamekisoma, na wasiokisoma wamefundishwa na waliokisoma. Juu ya jalada lake limeandikwa jina la mtunzi, Sheikh Zainuddin al-Malibari. Mimi nilidhani Malibari ni mji wa Yemen. Siku moja nikamwuliza mwalimu. Akanijibu, "Maliza kwanza mlango wa twahara, mwanangu. Malibari haikimbii." Mwalimu wangu alifariki kabla sijamwuliza tena, Mungu amrehemu, na ikapita miaka karibu arobaini kabla sijaiona Malibari kwa macho yangu.

Malibari, au Malabar, ni pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi, ambayo leo imo katika jimbo la Kerala. Mji wake mkubwa tangu zamani ni Calicut, ambao wenyewe huuita Kozhikode. Nilifika huko kaskazi ikielekea kwisha. Jua lilikuwa kali, bahari imetulia kama maji ya ziwa letu asubuhi, na minazi imesimama pwani kiasi cha kumfanya mtu adhani yuko Bagamoyo. Wakati huo wa mwaka ulikuwa na maana kubwa kwa watu wa kale. Pepo za kaskazi ndizo zilizoleta majahazi ya Bara Hindi katika pwani ya Afrika, na kusi, ianzayo kuvuma mwezi wa Aprili, ndiyo iliyoyarudisha. Ifikapo Juni mvua na mawimbi huwa makubwa mno Malabar, hata bandari zilikuwa zikifungwa. Kwa hiyo mabaharia walihesabu siku zao kwa upepo, na watu wa pwani hizi mbili walikuwa jirani ingawa bahari kubwa iko baina yao.

Wa kwanza ninayemtaja kwa ushahidi wa jambo hili ni msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier katika nchi ya Maghribi. Yeye alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1342, alikuwa Calicut. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alikuwa amemtuma kwa mfalme wa China pamoja na zawadi nyingi. Anasema kuwa aliona merikebu kumi na tatu za Kichina zimetia nanga bandarini, naye alikaa miezi mitatu akingoja msimu wa safari. Msimu ulipofika, yeye alibaki nchi kavu apate kuswali swala ya Ijumaa. Dhoruba ikaja, na merikebu iliyochukua zawadi za Sultani ikavunjika na watu waliokuwamo wakafa. Ijumaa ile ndiyo iliyokuwa sababu ya kuokoka kwake.

Lakini kilichonigusa zaidi katika safari yake ni jambo jingine. Kaskazini ya Calicut ulikuwako mji aliouita Hili, nao ulikuwa na msikiti wa Ijumaa ulioheshimiwa na Waislamu na wasio Waislamu. Wanafunzi wa elimu waliokaa hapo walipewa posho kutokana na mali ya msikiti, na jiko la msikiti lilipika chakula cha wasafiri na maskini. Ndani ya msikiti huo Ibn Battuta alikutana na mwanachuoni mmoja mcha Mungu aliyeitwa Said, mwenyeji wa Mogadishu. Alikuwa akifunga sana. Alikuwa amekaa Makka miaka kumi na minne, na Madina kiasi hicho hicho, kisha akasafiri Hindi na China. Basi tazameni, ndugu zangu! Miaka mia saba kasoro kidogo iliyopita, mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki alikuwa ameketi katika msikiti wa Malabar, naye ni mwanachuoni mwenye kuheshimiwa. Wale wasemao kwamba Mwafrika aliipokea elimu ya dini jana tu, wajibiwe kwa habari ya Sheikh Said.

Katika Calicut yenyewe Ibn Battuta anamtaja tajiri mmoja, Nahodha Mithqal, mwenye vyombo vingi vilivyofanya biashara ya Hindi, China, Yemen na Fursi. Huyu ndiye aliyejenga msikiti ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake, katika mtaa wa Kuttichira. Niliswali humo. Hauna kuba wala mnara. Umejengwa ghorofa juu ya ghorofa kwa mbao nyingi, na mapaa yake ya vigae yamepandana kama nyumba za kienyeji za nchi ile, na mbele yake kuna kidimbwi kikubwa cha maji. Asiyeambiwa aweza kupita asijue kuwa ni msikiti. Waislamu wale hawakuona kuwa kujenga kama jirani zao kunawapunguzia dini yao.

Na jirani zao walikuwa watu wa namna gani? Mfalme wa Calicut, aliyeitwa Samoothiri, alikuwa Mhindu, na watu wake wengi walikuwa Wahindu. Waislamu walikuwa wachache, lakini walipewa amani, waliswali, walifanya biashara ya pilipili manga, na walihukumiana kwa makadhi wao. Nao kwa upande wao walimtii mfalme na wakapigana upande wake. Sisi tulio wachache katika nchi yetu tuna la kujifunza hapo.

Kisha ikaja balaa, nayo ilipitia pwani yetu. Tarehe 24 Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi pamoja na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na tarehe 20 Mei alikuwa amefika karibu na Calicut. Watu wengi husema kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari, lakini wataalamu wa leo wanalikataa jambo hilo. Vyovyote alivyokuwa, upepo ule ule wa kusi uliowachukua wafanyabiashara na wanafunzi ndio uliowachukua Wareno. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi. Aliilazimisha Kilwa kulipa kodi, akaichoma moto baharini merikebu iliyokuwa ikirejea na mahujaji kutoka Makka, wanaume kwa wanawake, kisha akaipiga Calicut kwa mizinga. Mwaka 1505 kundi jingine la merikebu za Wareno, likiwa njiani kwenda Hindi, liliteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Na tarehe 3 Januari 1510, sawa na mwezi 22 Ramadhani mwaka 915 wa Hijra, Wareno waliushambulia mji wa Calicut na kuutia moto msikiti wa Nahodha Mithqal. Watu wa mji waliwarudisha nyuma na kumwua mmoja wa majemadari wao, lakini msikiti ulikuwa umekwisha ungua sehemu ya juu. Alama za moto ule zinaonyeshwa hata leo.

Waislamu wa Calicut hawakuuacha msikiti wao. Mwaka 1571 majeshi ya Samoothiri, wakiwamo Waislamu wengi, yaliiteka ngome ya Wareno ya Chaliyam, kusini ya mji, na watu wa Calicut husimulia kuwa mbao za ngome hiyo ndizo zilizotumiwa kuutengeneza upya msikiti uliochomwa.

Katika zama hizo za dhiki ndipo alipoishi Sheikh Zainuddin, mwenye kitabu chetu. Yeye alikuwa mtu wa Ponnani, mji wa pwani ulio kusini ya Calicut, katika ukoo wa wanachuoni, na alisoma kwa Imamu Ibn Hajar al-Haytami wa Makka. Katika msikiti mkuu wa Ponnani wanafunzi waliketi kuzunguka taa ya mafuta, na aliyeruhusiwa kuketi penye taa hiyo alihesabiwa kuwa amehitimu. Fat-hul Muin kilimalizika mwaka 982 wa Hijra, yaani baina ya 1574 na 1575. Hebu fikirini: bandari zinachomwa, mahujaji wanauawa baharini, naye Sheikh anaandika mlango wa swala, mlango wa zaka, mlango wa ndoa. Wala hakuwa ameyafumbia macho masaibu ya watu wake, kwani kitabu chake kingine, Tuhfatul Mujahidin, ndicho kilichohifadhi tarikhi ya Waislamu wa Malabar na mateso yao hadi mwaka 1583.

Na mwaka 1607 Kadhi Muhammad wa Calicut alitunga utenzi wa kumsifu Sheikh Abdulqadir Jilani, kwa lugha ya nchi yake, ya Kimalayalam, na kwa herufi za Kiarabu, kama vile wazee wa pwani yetu walivyoandika Kiswahili. Sisi tunaomsifu Sheikh huyo huyo katika nyiradi za Qadiriya tungekaa nao bila ya kujiona wageni.

Sasa nalisema lile lililonikaa moyoni tangu siku niliyotoka katika msikiti ule. Nahodha Mithqal alijenga kwa mali yake, na nyumba yake ikaungua. Sheikh Zainuddin aliandika kwa kalamu, na kitabu chake kikavuka bahari, kikapanda kutoka pwani mpaka Ujiji na Ziwa Tanganyika, kikafika mapajani mwangu. Sheikh Said wa Mogadishu hakuacha kitabu tunachokijua, na lau si msafiri mmoja kuandika mistari michache, tusingejua hata jina lake.

Leo tunasherehekea msikiti wetu, nasi tunafurahi kwa kuta zake na rangi yake mpya. Lakini ni nani aliyeandika majina ya wazee waliochanga fedha za msingi? Ni nani aliyeandika walimu wetu walisoma kwa nani, na walimu wao kwa nani, mpaka silsila ikafika pwani? Mimi mwenyewe nina hatia. Nilikaa kwa mwalimu wangu miaka mingi, na leo siwezi kuwaambia yeye alikisoma Fat-hul Muin kwa nani. Sikumwuliza, naye ameondoka nalo.

Basi nawausia vijana wa Jumuiya: kabla mwaka haujaisha, chukueni daftari, nendeni kwa wazee waliobaki, wakaeni miguuni, waulizeni na mwandike. Wazee nao wasiseme kuwa habari zao hazina thamani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, hapa kwetu na ng'ambo ya bahari, auhifadhi msikiti wetu na jirani zetu wote, na atujaalie tuwe kiungo katika mnyororo huu wa elimu, tusiwe mahali ulipokatikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.