Vigango vya Wagiriama

Mzee wa chama cha Gohu, miongoni mwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, hakuzikwa akasahauliwa. Baadaye, pengine baada ya kumjia jamaa yake ndotoni, familia ilimchongea kigango: nguzo ya mti mgumu, kichwa cha duara, kiwiliwili kilichojaa nakshi za pembetatu. Wasio wa Gohu walipata koma, kijiti kifupi.

Kigango hakihamishwi, hata watu wakihama.

Wezi hawakujali mwiko huo, na wanunuzi hawakuuliza. Vigango viwili alivyovipiga picha mwanaanthropolojia Monica Udvardy mwaka 1985, ukumbusho wa ndugu wawili, viliibwa. Alikuja kuvigundua Marekani, vikiwa mali ya makumbusho. Dhuluma hiyo haina jina jepesi. Mwaka 2007 familia ya ndugu hao ilikabidhiwa kimoja, kilichotoka Illinois.