Mchina Alikosa Mafuta Isiolo, Akayapata Mombasa

Wadau, wengi wetu hudhani hadithi ya Kenya na mafuta ilianza Machi 2012, Tullow walipoyapata kwenye kisima cha Ngamia-1 kule Turkana. Rudi nyuma miaka sita.

Aprili 2006, Rais Hu Jintao wa China alitua Nairobi. Alikuwa ametoka Saudi Arabia, Moroko na Nigeria. Toa Moroko hapo, uone alikuwa akitafuta nini. Tangu 1993 mafuta ya kwao yalikuwa hayawatoshi tena. Basi sahihi zikawekwa, na CNOOC, kampuni ya serikali yao, ikapewa vitalu sita vya kutafuta mafuta: zaidi ya kilomita za mraba 115,000, karibu moja ya tano ya Kenya nzima! Mwaka wa 2009 wakaanza kuchimba Bogal, upande wa Isiolo, wakashuka kama kilomita tano. Hawakupata cha kuuza. Wakafunga virago.

Sudan ndiko walikopata, na ndiko walikojifunza. CNPC ilishika asilimia 40 ya ubia uliojenga bomba la zaidi ya kilomita 1,500 hadi Port Sudan, na 1999 mafuta yakaanza kwenda. Beijing walikuwa wanasema hawaingilii mambo ya ndani ya nchi za watu. Sawa, lakini ukishafukia pesa zako kwenye shamba la mtu, ugomvi wa boma lake si unakuwa wako pia? Mwaka wa 2007 wakalazimika kuteua mjumbe maalum wa Darfur. 2011 Sudan Kusini ikajitenga, ikaondoka na karibu robo tatu ya mafuta. Januari 2012 Juba ikafunga visima, ikigombana na Khartoum juu ya ada za bomba. Kufika Aprili, Salva Kiir alikuwa Beijing.

Sasa turudi kwetu. Juni 2018 malori yalianza kutoa mafuta Lokichar, yakipitia Kitale, Eldoret na hapa Nakuru, barabara ile ile tunayoikuta tukiteremka kutoka Subukia, mpaka Changamwe. Wakazi wa Turkana walifunga njia wakidai usalama, na malori yakasimama kwa wiki kadhaa. Huo ulikuwa mzigo wa Tullow na serikali. Changamwe nayo ilikuwa imeacha kusafisha mafuta tangu 2013, kwa hivyo tukauza ghafi.

Agosti 2019 meli ikaondoka Mombasa na mapipa 200,000. Bei dola milioni 12. Mnunuzi? ChemChina, kampuni nyingine ya serikali ya China. Hawakuwa na kisima Turkana wala lori barabarani. Walilipa, wakapakia.

Sisi kila siku tunabishana kuhusu mikopo ya reli tu, na hapa hatuangalii. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa kaunti asilimia 20 na jamii asilimia 5 ya mgao wa faida ya serikali. Soma tena: faida. Mwekezaji kwanza hurudisha gharama zake, ndipo faida ihesabiwe. Mwaka wa 2025 Tullow waliuza sehemu yao kwa Gulf Energy, na maneno ya malori yamerudi. Mimi sina haja sana ya kujua ni Mchina au Mhindi atakayenunua safari hii. Nataka kujua gharama zimeandikwa dola ngapi, na nani amezikagua.