Hieroglifi za Misri: Picha Zinazotamkwa

Yapata karne ya tano baada ya Kristo, kitabu kinachohusishwa na Horapollo wa Misri kilieleza kwamba Wamisri wa kale walipotaka kuandika neno 'mwana' walichora bata, kwa kuwa ndege huyo huwapenda mno makinda wake. Maana ilikuwa sahihi, lakini sababu haikuwa hiyo. Neno 'mwana' na jina la bata yalikuwa na konsonanti zilezile mbili. Picha iliazimwa kwa sauti yake, wala si kwa tabia ya ndege.

Dhana ya kwamba hieroglifi ni mafumbo ilitawala kwa zaidi ya miaka elfu moja. Jiwe la Rosetta, lililopatikana mwaka 1799, ndilo lililoitikisa. Jean-François Champollion, aliyekifahamu Kikopti, yaani Kimisri cha zama za mwisho, alihesabu juu yake alama 1,419 za hieroglifi, hali maneno ya Kigiriki ni 486 tu. Kwa hiyo haikuwezekana kila alama iwe neno zima. Mwaka 1822 alitangaza ufumbuzi wake.

Alama hizo ni za namna tatu. Kuna zinazowakilisha sauti: konsonanti moja, mbili au tatu. Kuna zinazowakilisha neno zima. Na kuna zisizotamkwa, ambazo hukaa mwishoni mwa neno ili kuonyesha jamii ya maana yake. Kwa mfano, mchoro wa nyumba peke yake, pamoja na kistari, ni neno p-r, 'nyumba'. Ukifuatwa na mdomo, ambao hukariri sauti r, kisha na miguu itembeayo, husomwa 'kutoka'. Irabu hazikuandikwa.

Jambo hili la mwisho lina uzito kwa wanaisimu wa Afrika. Katika kongamano la UNESCO mjini Cairo mwaka 1974, Cheikh Anta Diop na Théophile Obenga walitetea udugu wa Kimisri na lugha nyingine za bara hili. Msimamo wowote katika mjadala huo hauna budi kupimwa kwa konsonanti, na kwa irabu zinazothibitishwa na Kikopti au na majina ya Kimisri yaliyonakiliwa na mataifa jirani. Irabu e inayoonekana mara kwa mara katika vitabu vya kisasa imetiwa na wataalamu ili maneno yatamkike. Anayeifanya ushahidi wa udugu hailinganishi lugha ya Wamisri, bali desturi ya wasomi.