Diwani wa Mpakani: Tarehe ya Kutunga Sheria na Kuhudhuria Matanga Mundika

Msafiri atokaye Kisumu kuelekea Uganda hufika Mundika kabla ya kuuona mpaka, walakini mpaka umekwisha kumjia, kwani malori ya shehena, bodaboda zenye abiria wawili na magunia, na mazungumzo ya bei za vitu vya ng'ambo humkuta njiani hata hajalifikia lango la forodha la Busia. Hapa ndipo katika nchi ya Bakhayo, na hapa pana desturi moja ambayo waandishi wa mjini wamezoea kuicheka, nayo ni kwamba mtunga sheria, awe mbunge wa Nairobi au mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti, hupimwa kwa matanga aliyoyahudhuria kuliko kwa miswada aliyoipitisha. Mimi siicheki. Nikiitazama tarehe ya nchi hii naona kwamba raia wa Mundika hawakukosa kufahamu sheria ni nini. Walifahamu sana, na wakajifunza mapema kwamba sheria hutungwa mahali pengine, ilhali mtu wa kwao humwona barazani.

Hadi mwaka wa 1902 nchi hii ilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda, na tarehe 1 Aprili ya mwaka huo jimbo zima la mashariki likahamishwa kwa amri ya Waingereza na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Wasamia na Wateso, ambao hawakuulizwa neno, wakajikuta ndugu upande huu na ndugu upande ule. Wala kuhamishwa hakukuwa ndiyo hukumu pekee iliyotoka mbali, maana Waingereza walimtegemea Mumia, mtawala wa Wanga, wakamfanya Chifu Mkuu mwaka wa 1909, na kupitia kwake wakala wa Kiwanga wakapelekwa kutawala mataifa ambayo hayakuwahi kuwa chini ya Wanga, Bakhayo na Marachi wakiwamo. Kwa hiyo amri ilitoka kwa mgeni, ikapita kwa jirani, ikamshukia liguru, yaani mkuu wa kijiji, na liguru huyo ndiye aliyekaa na wafiwa usiku na ndiye aliyewapatanisha wagombanao mipaka ya mashamba. Serikali ilimhesabu kuwa mtumishi wa kodi na barabara. Watu walimhesabu kwa namna alivyoketi nao.

Mwaka wa 1924 serikali ya koloni ilibadili sheria ya utawala wa wenyeji, na mwaka uliofuata zikaanza kukutana Halmashauri za Wenyeji, mojawapo ikiwa ya North Kavirondo, iliyokutana Kakamega. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Disii kwa kinywa cha watu, na baadhi ya wajumbe waliteuliwa naye. Halmashauri iliruhusiwa kutoza ushuru wake na kupitisha maazimio juu ya barabara, madaraja, shule, masoko, miti, na pombe ya kienyeji, lakini azimio halikuwa na nguvu mpaka wakubwa waidhinishe. Usiudharau, msomaji, uwezo huo mdogo: katika fedha hizo za ushuru na katika ung'ang'anizi wa wajumbe hao ndimo ilimotoka shauku ya shule ya serikali ya Kakamega, iliyofunguliwa mwaka wa 1932, na wazee wengi wa nchi hii waliosoma hupitisha nasaba ya elimu yao hapo.

Lakini mwaka ule ule wa 1932 halmashauri ilipata somo la namna nyingine. Miaka miwili kabla, sheria ya amana ya ardhi ya wenyeji ilikuwa imetoa ahadi kwamba ardhi za hifadhi zitakuwa za wenyeji milele, na kwamba ikiwa kipande chochote kitatwaliwa kwa haja ya umma, Halmashauri ya Wenyeji itaarifiwa kwanza, na ardhi nyingine ya thamani sawa itatolewa badala yake. Ikaonekana dhahabu Kakamega mwaka wa 1931, Wazungu wakamiminika na karai zao na sururu zao, na mwezi wa Desemba 1932 sheria ile ikarekebishwa Nairobi kwa haraka, ili ardhi iweze kutwaliwa pasipo kuiarifu halmashauri na ili fidia iwe fedha badala ya ardhi. Habari ikafika hata London, ikabishaniwa bungeni mwanzoni mwa mwaka wa 1933, na heshima ya serikali ikaingia doa. Walakini shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Mundika haikuwa na dhahabu, lakini halmashauri ilikuwa moja, na mjumbe aliyerudi kutoka Kakamega hakuwa na la kuwaambia watu wake ila kwamba ahadi iliyoandikwa kwa wino imefutwa kwa wino. Mimi naona hapo ndipo lilipozaliwa shaka ambalo mpaka leo humsubiri kila mtu ashikaye karatasi na kusema, "Sheria imepita."

Katika baraza kuu la kutunga sheria Nairobi, nchi hii ilipata sauti ya kwao mwaka wa 1952, alipoteuliwa W. W. W. Awori, Msamia, mwandishi wa magazeti ya Kiswahili na kiongozi katika chama cha siasa cha Kenya African Union (KAU). Na katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, Machi 1957, Masinde Muliro akamshinda na kukitwaa kiti cha Nyanza Kaskazini, akawa mmoja wa Waafrika wanane waliochaguliwa koloni nzima. Ukoo huo wa Awori una ajabu yake, ambayo haipatikani ila mpakani. Mdogo wa W. W. W., Moody Awori, aliingia Bunge la Kenya katika uchaguzi wa 1983, akadumu mpaka 2007, na kuanzia 2003 akawa Makamu wa Rais; ndugu yao mwingine, Aggrey Awori, alikuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini katika Bunge la Uganda, na mwaka wa 2001 akagombea urais wa nchi hiyo. Watoto wa kasisi mmoja wakatunga sheria za dola mbili.

Hapa sina budi kusimama juu ya neno lenyewe. Diwani ni neno la Kiajemi lililotufikia pamoja na Kiarabu, na asili yake ni daftari la hesabu, kisha baraza, kisha mtu akaaye barazani. Katika pwani ya Mrima madiwani walikuwa watawala wa miji, wenye ngoma zao na heshima zao. Neno hilo likapanda bara kwa njia za misafara na ofisi, likafika Busia wilaya ilipoundwa mwaka wa 1963 kutokana na iliyokuwa Elgon Nyanza, likakaa juu ya mjumbe wa halmashauri mpya. Kwa muda mfupi diwani huyo alikuwa na kazi ya kweli, yaani shule za msingi, zahanati na barabara. Kisha ikaja sheria ya 1969 iliyoyahamisha mambo hayo matatu na kuyarudisha serikali kuu, na baada ya 1973 kodi ya kichwa iliyozilisha halmashauri ikafutwa. Diwani akabaki na ushuru wa soko na majadiliano.

Ndipo mtu asiye na sheria ya kutunga akajitia katika hadhara. Harambee, mwito alioutoa Kenyatta tangu Madaraka ya 1963, ilijenga madarasa ambayo halmashauri haikuweza tena kuyajenga, na diwani akawa mgeni wa heshima, akitaja mchango wake mbele ya kipaza sauti, shilingi kwa shilingi, huku wapinzani wake wakihesabu kimoyomoyo. Matanga yakawa bunge dogo: humo husemwa daraja lililokatika, mtoto aliyefukuzwa kwa karo, na mpaka wa shamba uliosogezwa usiku. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ilikataza kutumia cheo kukusanya harambee, na kwa haki, maana ufisadi ulikuwa umejificha ndani ya ukarimu. Lakini sheria haiwezi kumkataza mtu kwenda kuzika.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliirudisha kazi iliyopotea. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Busia ikawa kaunti ya 40, yenye wadi 35, tano zikiwa za eneo bunge la Matayos, na Bunge la Kaunti likapewa masoko, barabara ndogo, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, afya, na leseni za vileo. Hili la mwisho lina kicheko chake: pombe ile ile iliyowashughulisha wajumbe wa Kakamega, na ambayo serikali kuu iliipiga marufuku upande wa chang'aa mwaka wa 1980, ikarudi mezani pa mjumbe wa kwao, naye akiketi mbele ya rungu la heshima ambalo Kiswahili cha mabunge kinaliita siwa, kwa jina la pembe iliyopulizwa katika arusi za wakubwa wa Pate na Lamu. Fauka ya hayo, kifungu cha 196 cha Katiba hiyo kinalazimisha umma ushirikishwe kabla ya sheria kupita, na kifungu cha 199 kinasema sheria ya kaunti haifanyi kazi mpaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi. Kile halmashauri ilichonyang'anywa mwaka wa 1932, yaani kuarifiwa kwanza, sasa ni wajibu.

Na bado mpaka huizidi sheria. Neno bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli za Busia zilizobeba watu kutoka kizuizi kimoja hadi cha pili. Mwendeshaji huyo huyo, akipita kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa na marais wawili Februari 2018, huacha nyuma leseni ya kaunti na kuingia katika kanuni za watu wengine, asubuhi mara nne na jioni mara tatu. Mwakilishi wa wadi anaweza kumtoza, hawezi kumfuata.

Wala Gazeti Rasmi halifiki Mundika kwa mkono wa mtu. Hufika namna nyingine: Jumamosi, chini ya hema, baada ya kwaya na kabla ya mhubiri, mwakilishi husimama, hutoa pole, hutaja rambirambi yake, kisha, akiwa angali amelishika daftari la marehemu, husema kwamba ushuru wa soko umepanda, na kwamba wiki ijayo kuna kikao cha kusikiliza maoni, na mzee mmoja nyuma hupaza sauti akiuliza kama maoni hayo yataandikwa au yatasikilizwa tu.