Kihisi joto kwenye friji ya chanjo

Chanjo za watoto hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Lakini zahanati ya kijijini Shinyanga au Geita ikifungwa usiku, nani anaiangalia friji? Hapo ndipo kihisi joto hufanya kazi. Ncha yake hukaa ndani, pamoja na chanjo. Waya mwembamba hutokea mlangoni hadi kwenye kiboksi chenye laini ya simu, kama hii yako. Kiboksi hutuma vipimo kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea na kutunza taarifa. Joto likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka nusu nyuzi chini ya sifuri kwa saa 1, mhudumu hutumiwa ujumbe.

Wengi tunaogopa joto tu. Baridi ni hatari zaidi kwa chanjo kama ya pepopunda: ikiganda imeharibika, na ikiyeyuka huenda usione tofauti. Mtoto atachomwa sindano, kadi itajazwa, lakini kinga huenda isitoshe.

Mtandao ukikatika, kiboksi hutunza vipimo na kuvituma baadaye. Ujumbe nao huchelewa, kwa hiyo kipimajoto bado kinasomwa asubuhi na jioni.