Prufu Zilizomkera Profesa: TeX Yakaribia Miaka 50

Tarehe 30 Machi 2027 itatimia miaka 50 tangu Donald Knuth, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, apokee prufu za kitabu chake, yaani kurasa za kusahihishia, na kukereka. Zilikuwa prufu za toleo la pili la juzuu ya pili ya The Art of Computer Programming. Maneno yalikuwa yake na hesabu zilikuwa zake, lakini herufi hazikutazamika. Siku hiyohiyo aliandika katika shajara kwamba atalimaliza tatizo hilo yeye mwenyewe.

Ukitaka kuelewa hasira yake, tazama juzuu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1968. Wachapishaji wake, Addison-Wesley, waliitoa kwa risasi ya moto: mashine ya Monotype iliyeyusha madini na kumimina herufi mojamoja, kisha fundi akapanga kwa mkono tarakimu ndogo za juu na za chini ya mstari, mabano makubwa na alama za hesabu. Ufundi huo ulichukua miaka kuujua. Katikati ya miaka ya 1970 mafundi wake walikuwa wanakwisha, na viwanda vya chapa vilihamia kwenye mashine za kupiga picha herufi. Gharama zilishuka, na uzuri wa kurasa za hesabu ukashuka nao.

Knuth alikuwa na bahati moja. Mwezi Februari mwaka huohuo wa 1977 alikuwa ameona prufu za kitabu cha Patrick Winston kuhusu akili bandia, zilizotolewa na mashine ya kidijitali yenye vitone zaidi ya 1,000 katika kila inchi. Zilipendeza kama za risasi. Akatambua kwamba ukurasa sasa ni sifuri na moja tu, wino hapa na weupe pale. Kupanga sifuri na moja ndiyo kazi aliyoijua.

Mwezi Mei 1977 aliandika rasimu ya lugha ya kupanga kurasa aliyoiita TeX. Majira ya joto alisafiri kwenda China, akawaachia wanafunzi wake wawili, Michael Plass na Frank Liang, waanze kuitengeneza. Mwaka 1978 ilikuwa inafanya kazi. Lakini hiyo ilikuwa nusu tu ya safari.

Hapa ndipo kisa kinaponoga, maana programu ya kupanga herufi bila herufi haina maana. Masimulizi yanatoka kwa Knuth mwenyewe, ambaye mwaka 1999 alikusanya makala zake katika kitabu Digital Typography. Jirani na Stanford palikuwa na kituo cha utafiti cha Xerox, chenye vifaa vya kuchora herufi kwa kompyuta. Walikuwa tayari kumruhusu avitumie, kwa sharti kwamba maumbo ya herufi yawe mali ya Xerox. Alikataa. Kwake herufi iliyoelezwa kwa namba ni namba, na namba hazina mwenyewe.

Akarudi chuoni na vifaa dhaifu zaidi. Alijaribu kamera ya televisheni, lakini mwanga ukibadilika kidogo herufi ilinenepa au kukonda. Akapiga picha kurasa za toleo la zamani, akazitupia ukutani nyumbani kwake kwa mashine ya slaidi, akafuatisha kingo kwa penseli. Kingo nazo zilimsumbua, kwa sababu wino husambaa kwenye karatasi. Mwishowe aliacha kunakili. Kila herufi ilichorwa na mtu mwenye sababu zake, akajisemea, kwa hiyo kinachotafutwa ni hizo sababu: upana wa mguu, mahali mkunjo unapoanza, unene wa kalamu. Kutoka hapo ilizaliwa programu ya pili, METAFONT, ambayo huichora herufi kwa kupewa maelezo ya hisabati. Fonti aliyoitengeneza, Computer Modern, ilifuata mfano wa Monotype Modern 8A, yaani sura ileile ya herufi aliyoipenda mwaka 1968.

Herufi nyingi zilitii. S iligoma. Mkunjo wake wa juu na wa chini lazima ukutane katikati bila kuvunjika, na unene uongezeke na kupungua bila jicho kushtuka. Kila alichojaribu kilionekana kilema. Alisoma hadi kazi ya Mwitaliano Francesco Torniello, aliyeeleza ujenzi wa herufi kwa bikari na rula mwaka 1517. Mkewe, Jill, alipooneshwa michoro ya mumewe alimuuliza kwa nini asiifanye iwe na umbo la S. Jawabu lilipatikana kwa kutafuta duaradufu inayougusa mstari wa katikati kwa mwelekeo uleule, na mwaka 1980 Knuth akachapisha makala nzima kuhusu herufi hiyo moja. Mimi naiona kuwa heshima kubwa kwa msomaji, ambaye ataipita S hiyo bila kujua ilimtesa nani.

Toleo jipya la juzuu ya pili lilitoka mwaka 1981, likiwa limepangwa kwa TeX. Knuth alilifungua na kufadhaika: baada ya miaka yote hiyo, bado halikuwa alilolitaka. Akaiandika upya programu yote, na ile ya 1982 ndiyo msingi wa inayotumika leo.

Tazama inavyofanya kazi kwenye aya. Mpangaji wa kawaida hujaza mstari, akaufunga, akaenda wa pili. Balaa likitokea mstari wa sita, ya nyuma yamekwisha. TeX huisubiri aya yote. Kila mstari hupewa alama za ubaya kadiri nafasi kati ya maneno zinavyotanuka au kubanwa, kisha huchaguliwa mpangilio wenye jumla ndogo ya ubaya. Neno la mstari wa pili linaweza kusogezwa ili kuuokoa wa sita. Ikishindwa haifichi: huweka kibanzi cheusi pambizoni, mstari ulipozidi, nawe uruhusu nafasi pana zaidi, uoneshe neno likatwe wapi, au uandike sentensi upya. Na ukitaka jina lisiachwe peke yake mwanzo wa mstari, unaandika Bw.~Juma: kiwimbi hicho huyafunga maneno mawili pamoja.

Liang ndiye aliyelimaliza suala la kukata maneno. Kwa Kiingereza alipata vipande 4,447 vya herufi vinavyoonesha neno linapokatika, na vilinasa asilimia 89 ya mikato ya kamusi. Leslie Lamport naye alijenga LaTeX juu ya TeX, na kitabu chake cha 1986 kikawafikia wengi zaidi, hasa wanahisabati na wanafizikia. Mwaka 1990 Knuth alitangaza kwamba haongezi kitu tena. Kila marekebisho huisogeza namba ya toleo karibu na pai, na akifa itakuwa pai yenyewe. Aliyegundua kosa alilipwa kwa hundi, na zawadi ilipanda hadi dola 327.68. Programu yenyewe ni ya bure.

Afrika haikusahauliwa kabisa. Mwaka 1987 Knuth na Pierre MacKay walieleza jinsi ya kuchanganya maandishi yanayoanzia kulia na yanayoanzia kushoto, jambo linalohusu moja kwa moja tenzi zetu za hati ya Kiarabu. Mwaka 1993 Mjerumani Jörg Knappen alieleza fonti zake kwa ajili ya lugha za Afrika, zikiwemo herufi zenye ndoano za Kihausa. Mwaka 2006 watumiaji wa TeX walifanya mkutano wao Marrakesh.

Nyumbani, nafungua gazeti na kukuta safu nyembamba yenye mapengo ya kupita gari, na neno ng'ombe limekatwa baada ya ritifaa yake, ombe likaanza mstari wa chini. Hakuna sababu ya kuvumilia hayo. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, hivyo kanuni za kukata maneno ya Kiswahili ni chache mno kuliko vipande 4,447 vya Liang: usitenganishe ng', ny, ch, sh wala mw, na usiiache irabu moja pekee mwanzoni. Mwanafunzi mmoja wa isimu na mmoja wa kompyuta wanaweza kuziandika, kuzijaribu kwa maneno ya kamusi, na kuzigawa bure kwa kila kiwanda cha chapa kuanzia Lamu hadi Lubumbashi.